Mama Mstari na Vifungu Vyake vya Uongo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ufahamu wa Kiingereza chuoni kwetu, Mama Mstari anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Wengine leo ni wakuu wa idara, na bado wakimwona kwenye korido wanachomekea mashati haraka haraka.

Alianzia chumba namba tisa, kile chenye feni inayolalamika na madirisha yasiyofungika. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mtihani wa kupima Kiingereza, na vifaa alivyokabidhiwa ni chaki, nakala sita za kitabu kimoja na wanafunzi hamsini. Hakulalamika. Alivichana vitabu ukurasa kwa ukurasa, kila wawili wakapata kifungu chao cha kusoma. Mtunza maktaba hakusema naye mpaka muhula ulipokwisha.

Jina la Mama Mstari alipewa na wanafunzi. Ukitoa jibu, hata liwe sahihi namna gani, yeye alitaka kujua limetoka mstari wa ngapi. Ukishindwa kuuonyesha, jibu si lako, umeliokota. Tabia hiyo alitembea nayo mpaka chumba cha walimu. Naibu mkuu wa chuo aliwahi kututangazia kwamba waraka mpya unakataza chai kabla ya saa nne. Mama aliuomba waraka, akausoma taratibu, kisha akaomba kwa adabu aonyeshwe mstari wenyewe. Haukuwepo. Chai tunakunywa hadi leo.

Mimi ninayeandika haya nilikuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mwenzake. Katika mtihani ule nilianguka mara mbili, na kanuni ya chuo ilikuwa wazi: ukianguka mara ya tatu, unafungasha virago. Kwetu nilikuwa mtoto wa kwanza kufika chuo. Baba sikuwa nimemwambia lolote.

Mama aliniita, akanitaka nimsimulie nilivyojibu. Nikamweleza, tena kwa majivuno, kwamba kifungu kirefu kilihusu nyuki na aliyekiandika hajui kitu. Baba yangu ni mfuga nyuki, nimekulia kwenye mizinga, kwa hiyo maswali yote manane niliyajibu inavyotakiwa. Mama alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, hawakukuuliza nyuki wanaishije," alisema. "Walikuuliza mwandishi kasema nini."

Tangu siku hiyo, kwa wiki sita, kila saa kumi jioni tulibaki wawili chumba namba tisa. Alinitungia vifungu kwa mkono wake mwenyewe, vyote uongo mtupu: nyuki wanaolala mchana kutwa, malkia anayekwenda kuchota maji, asali inayochacha ikimulikwa na mwezi. Nilitakiwa kusoma maswali kwanza, kisha kifungu kizima kalamu ikiwa chini, halafu nijibu vile mwandishi alivyosema. Wiki ya kwanza nilibishana naye kwa sauti. Ya pili nilibishana kimoyomoyo. Kufikia ya tano nilikuwa nasoma kama mtu anayemsikiliza mwenzake amalize, na nikagundua kwa aibu kwamba hata baba yangu sikuwahi kumsikiliza hivyo.

Kifungu cha mtihani wa tatu kilihusu mbuzi, na nyumbani mbuzi tunao. Mwandishi aliboronga. Nilijibu vilevile alivyoboronga.

Majibu yalipobandikwa, sikuthubutu kwenda kuyaangalia. Mama ndiye aliyeufuata ubao wa matangazo, akashuka na orodha kwa kidole, akarudi machozi yakimtoka. Nikajua nimekwisha. Akanishika bega.

"Nenda kamwambie baba yako umefaulu," alisema. "Na zile mara mbili usimfiche."

Nilikwenda, nikamwambia yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba zile mara mbili alikuwa anazijua, alikuwa akisubiri nimwambie mwenyewe. Tulikaa uani tukaongea mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu nakabidhiwa chumba namba tisa. Wanafunzi ni sitini na wawili, na kumi na mmoja kati yao wamebakiza nafasi moja tu. Sitaficha, naogopa. Miaka yote hii nikikwama nilivuka korido, nikagonga mlango wake, nikarudi na la kufanya. Sijui nitazoeaje.

Mama, kwa niaba ya idara nzima, asante. Asante hasa kwa niaba ya wale uliowakuta wamebakiza nafasi moja, ukakaa nao. Nenda nyumbani ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele, na vitabu vingi, vingi sana, visivyo na maswali mwishoni.