Osvaldo Namakoma, Bajia Sita, na Aliyemchongea

Wasifu huu unasomwa na mimi, Belmira Domingos Namakoma, dada mkubwa wa marehemu, hapa makaburini Palma, leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025. Nimeuchapa wote, neno kwa neno, nikawagawia nakala, ili nikiziona nyuso zenu nisije nikageuza maneno. Najua wapo watakaosoma haraka kuliko ninavyosema na kufika mwisho kabla yangu. Hao nawaomba wafunge midomo na wasianze kugongana viwiko.

Mnajua wote kwamba miaka miwili iliyopita marehemu alichongewa kwa watu wa usalama, akakaa ndani siku tatu. Mnaamini pia kwamba mnamjua aliyemchongea. Ndiyo maana kikao cha familia kiliamua kuwa Abudo, mwenye kibanda cha kuchaji simu sokoni, asikaribie kaburi hili, na ameambiwa akija abaki barabarani. Jambo hilo nitalisema leo kabla udongo haujarudi. Lakini marehemu alikuwa na maisha yake, hakuwa kesi, kwa hiyo tuanze alikoanzia.

Osvaldo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 katika kijiji cha Mute, mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu mzee Domingos Namakoma na mama yetu Luzia, walioshuka kutoka Mueda kutafuta shamba. Alikuwa mtoto wa kutafuna. Mama akikaanga korosho, yeye aliimba akiwa amejaza mashavu pande zote mbili, akidhani wimbo unaficha kutafuna. Mimi nilimzidi miaka sita, na tayari nilikuwa mtu wa kupekua mifuko ya wenzangu. Nilimkamata kila mara. Hakuwahi kunikasirikia, na hilo pia nililitilia shaka.

Alianza shule ya msingi Mute mwaka 1988, kisha akapelekwa Mocímboa da Praia kwa mjomba, akamaliza darasa la kumi mwaka 2000. Walimu waliandika kwamba Kireno chake ni kizuri na daftari lake limejaa majina ya nyimbo. Mzee aliposomewa maneno hayo aliuliza kama nyimbo zina mtihani. Akaambiwa hazina, basi akamnyang'anya redio kwa muhula mzima.

Kuanzia mwaka 2002 Osvaldo alikuwa karani bandarini Mocímboa, akihesabu magunia yanayoshuka na yanayopanda. Mwaka 2013 alihamia hapa Palma kuwa mtunza stoo. Machi 2021, mji uliposhambuliwa, alikimbilia Pemba na mkewe na watoto, akiwa na begi moja na spika moja. Nilimuuliza kwa nini spika na si sufuria. Alisema sufuria zitapatikana hata Pemba. Aliporudi Agosti 2022 alinunua spika ya pili, na tangu hapo amepiga muziki kwenye harusi na ubatizo wa wengi wenu mliosimama hapa.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa kanisani na Benilde, na Mungu akawajalia Yara na Domingos mdogo. Nilimchunguza Benilde miaka mitatu. Nilimwuliza jirani, nikamwuliza mwenye duka, nikatazama hata takataka zake. Sikupata kitu, na namwomba radhi mbele yenu kwa yale ya takataka.

Sasa nifike kwenye simu. Tangu aliporudi Palma, kila siku saa kumi jioni, Osvaldo aliandika maneno machache kwenye stetasi yake ya wasapu, juu ya alichokuwa anatafuna na alichokuwa anasikiliza. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, alipiga picha mhogo wa kukaanga kama bibi harusi. Aliandika: "Rumba ya Kongo haiendi na kitumbua. Kitumbua kinataka taarabu. Rumba ni ya karanga, kwa sababu mkono mmoja unabaki huru." Siku nyingine: "Nimesikiliza marrabenta tangu asubuhi na njaa imeniuma mara tatu. Muziki mzuri haushibishi, msidanganywe." Siku nyingine tena: "Korosho za leo, nane kwa kumi. Mbili nimezizuia mpaka muuzaji atabasamu." Bajia za Cadija, mke wa Abudo, alizipa kumi kwa kumi, na siku hiyo ziliisha kabla ya magharibi. Watu mia na zaidi walimsoma. Mlicheka, mkamjibu, mkabishana naye juu ya kashata kana kwamba ni mambo ya serikali.

Lakini yupo mtu mmoja aliyesoma kila siku na asicheke. Mtu huyo alijiuliza: kwa nini saa kumi, daima saa kumi? Kwa nini namba, nane, kumi, mbili? Nani anajali mhogo kiasi hiki katika mji uliotoka kuungua? Siku moja Osvaldo aliandika, "Wapo wanaotazama hapa kila siku na hawasemi neno. Nawajua. Karibuni tena." Mtu huyo akahisi ametajwa. Mnakumbuka miezi ile. Tuliambiwa tuseme tukiona kisichoeleweka, na kila mmoja wetu alimtazama mwenzake kuanzia viatu. Tulishaona mtu akipanda kichuguu kutafuta mtandao na jioni anaulizwa alikuwa anampigia nani.

Ijumaa tarehe 2 Juni 2023 mtu huyo alipata ujumbe kutoka kwa Osvaldo: "Bajia sita zipo tayari, nyuma ya soko, saa kumi. Njoo peke yako, zisije zikagombewa." Idadi, mahali, saa, na njoo peke yako. Mtu huyo na Osvaldo walikuwa hawajala pamoja tangu Pemba, kwa ugomvi mdogo ambao hata sababu yake imepotea. Kwa hiyo mtu huyo akasema moyoni: huu si wangu, umekosea njia, ulikuwa uende kwa wale wa porini walioushambulia mji. Akaenda na simu yake kwa mkuu wa mtaa, akamsomea. Jumatatu tarehe 5 wakamchukua Osvaldo.

Mtu huyo ni mimi.

Hakuna aliyenituma wala aliyenitisha. Nilivaa kilemba kizuri, nikatembea kwa miguu yangu, nikasema, "Mkuu, sipendi kumsema ndugu yangu, ila." Baada ya "ila" nikasema yote. Walimhoji siku tatu, wakamwuliza bajia ni nini na taarabu ni nani. Hawakumpiga. Alhamisi wakamwachia, simu wakabaki nayo mwezi mzima.

Nanyi mkaanza kutafuta aliyechongea. Mkasema simu zetu zote hulala kwa Abudo zikichajiwa, nani mwingine angesoma? Sikuwaambia mseme hivyo. Niliitikia tu kwa kichwa. Tangu siku hiyo hamkumpelekea Abudo simu hata moja, hamkumwalika harusini, na bajia za Cadija zikaoza kwenye sinia. Osvaldo peke yake alikwenda kuketi naye kila Jumamosi, wakasikiliza muziki mpaka alasiri. Mlisema Osvaldo ana moyo wa kusamehe. Mimi nilipita mbali, nikiwachungulia, nikijiuliza wanaongea nini.

Ugonjwa nitaueleza kwa urefu, kwa sababu nawajua, na tayari nimesikia minong'ono ya nani kamroga. Hakurogwa. Alikuwa na kisukari tangu mwaka 2019. Januari mwaka huu alijikata kidole cha mguu, kidonda kikakataa kupona, na Aprili figo zikaanza kuchoka. Daktari alimkataza kashata na vitumbua. Aliacha vitumbua. Mwenye kutaka vyeti, Benilde anavyo kwenye mfuko wa plastiki, na aje avisome badala ya kusema pembeni.

Jumapili tarehe 18 Mei nilimpelekea uji wa mtama nyumbani kwake. Benilde alikuwa kisimani. Osvaldo alionja kijiko kimoja akakiweka chini.

"Mana," akaniambia, kama alivyoniita dada yake tangu utotoni, "ulikuwa wewe."

"Nani kakuambia?"

"Epá, mana, waliniambia wenyewe bila kujua. Walinisomea ule wa bajia sita. Ule sikuuweka kwenye stetasi. Nilimtumia mtu mmoja tu."

"Ulikuwa wangu kweli?"

"Wako, ndiyo. Nilikuwa nataka tupatane. Nilikungoja pale nyuma ya soko mpaka zikapoa."

Nikamwuliza mbona hakunisema miaka miwili. Akasema, "Ningekusemea wapi? Mama angeinamisha kichwa mpaka kaburini. Nilikuzuia tu usione ninayoandika, basi." Kumbe mimi niliamini ameacha kuandika. Ninyi nyote mliendelea kumsoma kila siku saa kumi, na mimi peke yangu nilifungiwa.

Nikamwuliza, "Na Abudo?"

"Abudo anajua. Nilimwambia mwezi uleule, nikataka kuwatangazia watu kwamba siye. Akanikataza. Kasema, wewe ukisema wataona unanisitiri, mimi nikisema wataona najitetea. Mpaka dada yako aseme mwenyewe. Ndo anangoja, mana. Miaka miwili anangoja na hakukusalimia vibaya hata siku moja."

Ni kweli. Kila asubuhi alinisalimia, "Shikamoo, dada." Nami nilidhani ananidhihaki.

Kisha Osvaldo akasema, "Nikienda, useme. Usiende kumnong'oneza padri halafu ukarudi nyumbani. Sema pale watu wote walipo." Nilimjibu kwamba hatakwenda popote. Akacheka, akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mimi kutomshuku.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa kwa Benilde. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Inaniuma kuliko ninavyojua kusema. Nilimpekua ndugu yangu maisha yake yote na sikuona kwamba ananipenda.

Ameacha mama, Luzia, ambaye nimemweleza haya jana nyumbani ili asiyasikie hapa kwa mara ya kwanza, mjane, Benilde, watoto wawili, Yara na Domingos, mdogo wetu Jacinto, mimi dada yake, na rafiki yake Abudo, ambaye kikao kilisema jina lake lisiandikwe. Nimeliandika.

Udongo wa kwanza kwa desturi ni wa mkubwa wa tumbo, yaani mimi. Sitautupa sasa. Nikimaliza mstari huu nitaikunja karatasi, nitatembea mpaka barabarani, na nitamwomba Abudo msamaha kwa sauti ambayo hata walio nyuma wataisikia. Akikubali, tutarudi wawili, na udongo wa kwanza atautupa yeye. Akikataa ana haki, nami nitabaki kulekule barabarani mlikomweka, mmzike ndugu yangu bila mimi.

Osvaldo, mdogo wangu, Mungu akupumzishe kwa amani.