Mzee Kwapa na Saruji Isiyobaki

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa maabara yetu ya saruji ya mifupa anastaafu. Wengine wakistaafu huonyesha walichojenga. Yeye amelipwa mshahara miaka yote hiyo atengeneze kitu cha kuyeyuka na, kwa bahati mbaya ya waandaaji wa sherehe, amefaulu.

Kwa wasiotufahamu: saruji hii ni uji mzito unaodungwa kwa sindano kwenye pingili ya mgongo iliyobonyea, bila kumpasua mgonjwa. Huganda, hubeba uzito, kisha huyeyuka taratibu huku mfupa wenyewe ukiota na kushika nafasi. Ni rahisi kuieleza, ndiyo maana wakubwa waliiahidi mapema.

Ya kwanza iliganda ndani ya sindano mbele ya wageni waheshimiwa. Mkurugenzi akajitolea kukoroga iliyobaki bakulini kwa kalamu yake. Kalamu imesimama humo mpaka leo, nasi bakuli tunazuilia mlango.

Chumba kilikuwa na joto siku ile, nalo huharakisha kuganda; tangu hapo mkuu wetu wa maabara hakuamini tena joto la mezani. Mashine ya kupasha joto nayo ilizimika kila umeme ulipokatika, basi akahamishia majaribio kwapani, penye joto la mwili. Alihudhuria vikao, mazishi na hata harusi ya binti yake sindano ikiwa imebanwa kwapani, akisalimia watu kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Ndivyo alivyopata jina la Mzee Kwapa.

Kisha pingili ya mama mkwe wake ikabonyea. Mama aliyekuwa akitembea kifua mbele akawa halali ila kwenye kiti. Aliomba saruji ya mkwewe. Mkwe akajibu bado. Jamani, kumnyima mama mkwe! Nyumbani mkewe akamnunia, kazini bodi ikamuuliza anaogopa nini. Aliogopa iyeyuke kabla mfupa haujaota, mama avunjike upya. Akarudi kwapani.

Kibali kilipopatikana, daktari akamdunga mama, naye akarudi nyumbani kwa miguu yake. Tulishangilia sote isipokuwa Mzee Kwapa, maana alijua sasa ndiyo inaanza kuyeyuka. Miezi ile tulikuwa naye mwili tu.

Picha ya mwisho ya eksirei haikuonyesha saruji hata chembe. Palikuwa na mfupa. Mzee Kwapa aliinua mikono yote miwili, akalia mbele za watu bila haya. Mama mkwe akamtazama weee, kisha akasema, "Kumbe huo mkono huwa unainuka."

Tulitaka eksirei hiyo ichapwe hapa jaridani. Mhariri ameirudisha, eti haionyeshi chochote. Tumeitundika ukumbini hivyo hivyo.

Ahsante, Mzee Kwapa. Ukaishi kwa raha na afya, na leo kwenye sherehe yako utupungie kwa mikono yote miwili. Mama mkwe wako ameshafika. Tumempa kiti, amekataa.