Lumir Kostal, Mshika Namba wa Uwanja wa Wexley

Ndugu waombolezaji, mimi ni Eldon, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome haya, nami naomba mnivumilie nikikwama, maana wiki hizi zimetuchosha kweli.

Marehemu Lumir Kostal alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Brule Fork, Nebraska, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Emil na mama Blanche, akasoma shule ya parokia, akamaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka huohuo akaajiriwa kwenye ghala la nafaka la ushirika, alikopima mahindi ya wakulima hadi alipostaafu mwaka 2010. Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Arlene Vavra, wakajaliwa watoto wawili, Joyce na Marvin.

Tangu mwaka 1988, kwa kujitolea, marehemu alikuwa mshika namba wa timu ya Chuo cha Wexley, katika futiboli yetu hii ya kofia ngumu na mabega mapana. Kila Jumamosi ya msimu alisimama pembeni ya uwanja na nguzo yenye kibao, akionyesha ni jaribio la ngapi kati ya yale manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi kumi, na wote, marefa kwa makocha, walitazama kibao chake.

Agosti 2018 madaktari walimwambia moyo wake umechoka, akae nyumbani, naye akajibu kwamba atakaa msimu ukiisha. Na msimu wenyewe mnaujua, jamani, mechi tisa tulicheza na zote tisa tukafungwa.

Mechi ya kumi, ya mwisho, ilikuwa Novemba 10, dakika zikituishia, tukiwa nyuma kwa pointi tatu, karibu kabisa na mstari wa wageni. Baada ya jaribio la pili marehemu alishikwa na kizunguzungu, akaegemea nguzo, akasahau kubadili namba, hivyo la tatu likachezwa kibao kikisema la pili, hakuna aliyeshtuka, na vijana wetu wakapewa jaribio la tano lisilo lao, wakafunga, tukashinda. Tulivamia uwanja, watu wazima tunalia kwa furaha, mimi nikiwa wa kwanza.

Akiwa njiani na Arlene kurudi nyumbani alisimamisha gari, akahesabu majaribio kwa vidole, akahesabu tena. Arlene akamwambia, "Baba Joyce, nyamaza, nani amekuuliza?" Akajibu, "Hakuna, na hawataniuliza." Jumatatu alikwenda kumweleza kocha wetu Ferrin, ambaye alishika kichwa na kusema, "Mzee wangu, umeniua," wakatazama video, na chuo kikarudisha ushindi kwa wageni, vijana wakamaliza msimu bila kushinda hata mechi moja.

Baada ya hapo, pale kwenye kahawa ya asubuhi, hakuna aliyemsogezea kiti, na kuna aliyemtupia, "Haya Lumir, tuhesabie, leo siku ya ngapi?" wengine wakacheka. Nami, ndugu yake wa tumbo moja, sikumpigia simu wiki tatu, na hilo linaniuma, nalisema mbele yenu.

Alilazwa Desemba 27, akafariki Ijumaa, Januari 11, 2019, saa nne asubuhi, Arlene akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioondoa theluji mlangoni na kuleta vyakula, na wenzake wa ghalani. Marehemu aliacha agizo kwamba wachezaji wa Wexley wasiombwe kubeba jeneza, kwa sababu hakutaka kuwaweka vijana wa watu katika aibu ya kukataa, nasi tukalitii, hatukumwomba hata mmoja. Leo saa mbili asubuhi wamefika sita, wamevaa tai, wakauliza washike upande gani.

Kaka, hatukuweza kuwarudisha. Pumzika sasa, kwa amani.