Stade ya Tatu

Lori lilikuwa likiteremka kwenda Walikale, na Mama Godelieve, juu ya gunia lake la chumvi, alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake Papa Barthélemy, mwindaji wa Ntoto, alikuwa akimsimulia jirani, kwa sauti iliyobaki mkwaruzo, kwamba docteur amempima kansa ya koo na kusema imefika stade ya tatu, yaani hatua ya tatu ya ugonjwa. Wengi wanaofika hapo, docteur alisema, hawamalizi mwaka.

"Basi uage bantu yako, Papa," alisema jirani, Hakorimana, mkulima wa Muheto. "Docteur alisoma."

"Wengi njo nani? Miye niko Barthélemy."

"Lakini stade ya tatu!"

Godelieve aliona kwamba anayetokwa jasho ni yule mzima.

Walipofika Ntoto, Barthélemy hakuweza kumwita dereva. Alichomoa kikapuni kengele ya mti ya mbwa wake wa kuwinda, akaitikisa mpaka lori likasimama. Akashuka, akageuka.

"Hakorimana, nilionaka stade kule Bukavu. Bantu banaingiaka mule kucheza mupira. Weye uliona wapi mupira inaisha ku mulango?"