Jumatano za Wifi Yangu Santuri

Ndugu jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ni wifi yake, dada wa mume wake, na kabla sijaanza niwaambie kwamba sikujipendekeza kusoma historia hii, wala kaka yangu hakunituma, aliyenichagua ni marehemu mwenyewe, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa tiketi katika treni, kazi inayomzoesha mtu kutouamini uso wa abiria mpaka aione karatasi, kwa hiyo mkisikia mahali nasema nilimshuku, msigune, nilimshuku kweli.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Santuri, alizaliwa tarehe 17 Agosti 1962, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha magunia, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa mpakiaji wa kiwanda hicho na mama yake mshonaji. Alianza shule ya msingi Januari 1970, na huko ndiko alikopewa jina hilo, kwa sababu mwalimu akisoma habari mara moja tu, yeye aliweza kuirudia neno kwa neno, pamoja na mahali mwalimu alipokohoa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, akaingia sekondari, lakini hakufika kidato cha tatu, kwa kuwa mwaka 1978 baba yake aliumia mgongo kazini, ikabidi watoto wakubwa wabaki nyumbani kumsaidia mama kushona. Tangu juzi nimesikia hapa msibani watu wakisema marehemu alisomea muziki, nasema hapana, hakusomea, na hilo ndilo lililoleta yote.

Mwezi Juni 1986 kituo cha redio kilitangaza nafasi za waimbaji wa kuajiriwa katika kwaya yake, kwaya iliyokuwa ikirekodi kila Ijumaa, na sharti la kwanza lilikuwa kujua kusoma nota. Marehemu hakujua hata nota moja, lakini alikwenda. Alikaa kwenye benchi la korido, akiwa wa tatu, na mlango wa chumba cha majaribio ulikuwa haufungi vizuri, akawasikia wanawake wawili waliomtangulia wakiimba sauti ya pili ya wimbo uleule, mmoja akikosea na mwingine akirekebishwa, na zamu yake ilipofika aliishika karatasi mbele ya macho akaimba mwanzo hadi mwisho bila kuteleza. Alinieleza baadaye kwamba upande wa juu wa karatasi aliutambua kwa mhuri wa ofisi. Alianza kazi tarehe 1 Julai 1986.

Kaka yangu alikutana naye hapo redioni, kwa kuwa yeye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha uchapaji, na ndiye aliyepeleka ratiba za tamasha zilizochapishwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987, na binti yao wa kwanza alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1988. Kaka yangu, anisamehe, ni mtu anayeheshimu chochote kilichopigwa chapa, na kila mgeni aliyeingia sebuleni aliambiwa, kabla hata hajapewa kiti, kwamba mwenye nyumba ana mke anayesoma nota kama wengine wanavyosoma gazeti. Marehemu akisikia hivyo aliinuka akaenda jikoni. Wageni walidhani ni unyenyekevu. Mimi, niliyekuwa nikikaa nao katika chumba cha uani, nilidhani kuna kitu.

Na kitu kilikuwepo, kwa sababu kila Jumatano alasiri wifi yangu alioga, akavaa gauni la kijani, akaniachia mtoto kama sina zamu, akatoka, na aliporudi baada ya saa mbili alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo, tena akivumisha wimbo mmoja huohuo puani. Nilimuuliza, akasema mazoezi. Nilipata safari ya treni iliyoishia karibu na redio, nikaenda kumuuliza mlinzi wa geti, akaniambia Jumatano kwaya haina mazoezi, studio ni ya watu wa mpira. Nilimshukuru mlinzi yule kama mtu aliyenipa zawadi.

Jumatano tarehe 14 Machi 1990 nilimfuata. Alipita nyuma ya maduka ya fenicha, akaingia katika karakana moja yenye dirisha la nondo, mlango ukafungwa. Nilisogea dirishani. Ndani kulikuwa na vinanda vinne vimefunguliwa matumbo, harufu ya gundi, na mwanaume wa makamo aliyekunja mikono ya shati, ameketi, na wifi yangu amesimama karibu naye, kichwa amekiinamisha, macho amefumba. Sikusubiri zaidi. Katika kazi yangu nilishawashusha watu kituo kisicho chao kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Ijumaa nilimwambia kaka yangu. Hakufoka, alimuuliza mke wake mara moja tu Jumatano huwa anakuwa wapi, naye akajibu mazoezini, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni nikasema mlinzi wa redio ananijua, naye amesema Jumatano hakuna mazoezi. Marehemu hakujitetea, akafunga nguo za mtoto katika shuka, na kabla jua halijazama alikuwa ameondoka kwenda kwa mama yake, kule nyuma ya kiwanda cha magunia.

Watu wengine wangeridhika, mimi sikuridhika, na kilichonikera ni kwamba hakujitetea. Mtu asiye na tiketi hupiga kelele, huyu alinyamaza kama mwenye tiketi mfukoni ambaye hataki kuitoa. Kwa miezi mitatu nililizungusha jambo hilo kichwani, na Jumatano tarehe 20 Juni nikarudi kwenye karakana kuwafumania vizuri. Fundi alifungua mlango, nikajifanya nina kinanda cha kutengenezwa, akaniuliza ni cha aina gani, nikasema ni cheusi. Akatabasamu, akasema vingi ni vyeusi, akanivutia kiti, akaniambia kwamba gauni langu la kazi la ukaguzi wa treni alishalisikia likisimuliwa na mtu, na kwamba mtu huyo atafika sasa hivi.

Alifika kweli, mtoto mgongoni, akanikuta nimekaa. Alimpa fundi karatasi ya nota iliyogawiwa Jumanne, fundi akapiga sauti ya pili kwa mkono mmoja, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa mwendo wake, marehemu akiwa amefumba macho, halafu akaimba yote. Mimi si mtu wa muziki, lakini niliielewa mara moja ile sura niliyoiona dirishani, ilikuwa sura ya mtu anayehofia kupoteza kitu kama akifumbua macho.

Fundi alisema, "Dada, huyu haoni chochote kwenye karatasi hizi. Mimi napiga, yeye anashika. Miaka minne sasa."

Nikamuuliza marehemu kwa nini hakumwambia mume wake, akaacha ndoa ivunjike kwa kosa ambalo hakulifanya. Akanijibu, nami nayarudia maneno yake kama alivyoyasema.

"Kaka yako akinishuku nina mwanaume, atanikasirikia. Akijua sisomi nota, atanionea aibu. Hasira yake naiweza." Kisha akaongeza kwamba kiwandani kwa kaka yangu habari haikai siku mbili bila kufika redioni, na kwamba hakujua mahali pengine popote ambapo mwanamke kama yeye angeajiriwa kuimba. Akanitaka niseme nitakavyosema, lakini hilo nisiliseme.

Basi mimi niliyeishi kwa kuwaumbua waongo nilikwenda kwa kaka yangu nikadanganya, nikasema nilimfananisha, mwanamke niliyemwona ni mwingine mwenye gauni la kijani, na kuhusu Jumatano mlinzi alichanganya siku. Alinitazama kama ninavyowatazama abiria. Jumapili tarehe 24 Juni 1990 alikwenda kumrudisha mke wake, na kuanzia siku hiyo aliyeshukiwa nyumbani kwetu nilikuwa mimi, mzushi, mwenye wivu, na kabla mwaka haujaisha nilihamia chumba cha kupanga karibu na stesheni. Mtoto wao wa pili, wa kiume, alizaliwa tarehe 22 Aprili 1992, na kwenye kumpa jina sikualikwa. Marehemu alikuja siku iliyofuata akiwa amembeba, akakaa kwangu hadi jioni.

Ilikwenda hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Fundi wa vinanda alifariki mwaka 1998, na baada yake marehemu alimtegemea mwimbaji mwenzake wa sauti ya pili, kwa kusimama karibu naye na kuchelewa kidogo kidogo, jambo ambalo wenzake wengine walilishuku, wakafikiri anazeeka. Mwezi Julai 2001 alikuja mwalimu mpya wa kwaya, akagawa karatasi palepale studio, akataka kila mmoja aimbe peke yake. Marehemu aliiweka karatasi kwenye kiti, akasema mbele ya watu wote, "Mwalimu, mimi sisomi nota. Nipigie mara moja tu." Mwalimu alidhani ni mzaha, akapiga, akaimbiwa, akatoa karatasi nyingine mbili ngumu zaidi, akaimbiwa hizo pia. Kisha akaandika ripoti kwamba aliajiriwa bila sifa, na tarehe 31 Agosti 2001, baada ya miaka kumi na mitano, akaachishwa kazi.

Siku hiyo alikwenda moja kwa moja kiwandani akamweleza mume wake kila kitu, akiwa amesimama katikati ya mitambo, ikabidi wazime mmoja ili amsikie. Kaka yangu alikuja kwangu stesheni bado ana wino mikononi. Aliniuliza kama mwanamke wa gauni la kijani alikuwa mke wake, nikasema ndiye. Akasema, "Kumbe hukuzua." Nikamwambia sikuzua, nilikosea, halafu nikadanganya, na kati ya hayo mawili yeye ndiye achague la kunisamehe. Alikaa kwenye kitanda changu, akanywa chai yote niliyokuwa nayo. Na ile aibu aliyoihofia marehemu, sikuiona, niliitafuta usoni mwake kwa miezi, ninavyojua kutafuta, sikuiona.

Mwezi Februari 2003 wafanyakazi wa chumba cha kufulia cha hospitali ya wilaya walimwomba awafundishe kuimba, baadaye hospitali ikamwajiri kuwa mwalimu wa kwaya ya watumishi, kazi aliyoifanya hadi Desemba 2019. Nilikwenda kwenye mazoezi yao ya kwanza kwa kuwa nilishuku watamcheka. Katika watu ishirini na wawili hakuna aliyesoma nota, naye aliwafundisha sauti zote nne kwa mdomo, akihama kutoka kundi hadi kundi kati ya mashine za kufulia, akiimba besi yao kwa sauti ya kukwaruza mpaka wanaume wakaona aibu ya kushindwa naye.

Mwezi Machi 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa katika hospitali hiyohiyo, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 6 Mei 2024 akalazwa kwa mara ya mwisho. Siku iliyofuata, mchana, aliwaambia wote watoke nibaki mimi, akasema atakayesoma historia yake ni mimi. Nilishuku hata hapo, nikamuuliza kama ananilipiza. Akacheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Wengine watanipamba mpaka nisijijue," alisema. "Watu wengi walinishuku maisha yangu yote, wifi, na wote waliishia kusema. Wewe peke yako ndiye uliyerudi kuangalia."

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, na muuguzi aliyemruhusu avumishe nyimbo wakati wagonjwa wengine wamelala, majirani waliopika na kulala chini pamoja nasi, na wafanyakazi wa chumba cha kufulia, mashuka haya meupe tuliyokalia wamefua wao. Tunawashukuru pia wenzake wa redioni, mmekuja saba, nimewaona, na yule aliyesimama karibu naye miaka mitatu akiimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko alivyotakiwa, bila kumwambia mtu, namjua, asimame au asisimame, ahsante.

Wifi yangu, kazi uliifanya yote. Pumzika kwa amani.