Aliyemwandikia Buti Maneno Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkewe mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba yake. Alichelewa kusema. Alipoanza, aliwaiga wateja wa baba yake, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka wenyewe wakaona haya.

Shuleni alifanya vizuri, ila hesabu ilimpiga chenga hadi kidato cha nne.

Mwaka 1981 aliajiriwa na kampuni ya filamu kama mpiga taipu. Akiwa anachapa mazungumzo ya mtafuta hazina aitwaye Buti, alishindwa kunyamaza. “Bosi, mtu anayening’inia juu ya korongo hahutubii.” Mwongozaji akamjibu, “Haya, andika wewe.” Akaandika filamu sita. Kila sentensi aliisema kwa sauti huku akiosha vyombo, na ikimkwama mdomoni aliifuta. Buti alizeeka pamoja naye, goti likamsumbua, hasira zikawa karibu, lakini hakuwahi kujisifu. Wala hakusema kwamba anaogopa. Alipoogopa, Buti aliuliza ni saa ngapi.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mabinti wawili. Mkewe ndiye aliyekuwa akisikiliza kutoka sebuleni. “Buti hawezi kusema hivyo,” alikuwa akimwambia, na sahani hiyohiyo ilioshwa upya.

Filamu ya saba ilikuja na wenye kampuni wapya. Walitaka Buti achekeshe watu kwenye kaburi la mke wake. Marehemu alikataa katakata, wakampa kazi mwingine. Alikwenda kuitazama na mkewe. Buti alitumbukia shimoni akipiga porojo, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Njiani kurudi alisema, “Yule simjui.” Ukweli usemwe: huzuni ile haikumtoka. Filamu ziliendelea kutoka, naye akaendelea kuosha vyombo, kimya.

Mwaka jana moyo wake ulianza kudhoofika. Alilazwa mara mbili, akafariki dunia mchana wa tarehe 14 Juni mwaka huu, mkewe akiwa kando ya kitanda.

Ndugu waliokaa kuandaa wasifu huu waliandika kwamba alitabasamu, akasema, “Msinililie, naanza safari kubwa kuliko zote.” Mjane alipousoma aliomba kalamu.

“Shemeji, mume wangu hawezi kusema hivyo,” alimwambia kaka wa marehemu. “Aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza tena.”

Kaka mtu akaifuta sentensi yake mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na kaka mmoja, ambaye ndiye anayewasomea haya. Mungu amlaze pasipo na hofu, apumzike.