Mama Foleni Anatuaga: Miaka Thelathini na Minne ya Kuzipima Benki

Tarehe 30 Juni, mkuu wa Kitengo cha Kupima Ufanisi, ambaye karibu sote tunamwita Mama Foleni, anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa msaidizi wa takwimu, mwembamba na mwenye aibu. Wembamba umekwisha, na aibu hatujui aliiacha ghorofa ya ngapi.

Kwa wageni wetu: kitengo chake huzitazama benki zote nchini mwaka hadi mwaka na kuuliza kila moja, kwa watu, majengo na mitambo iliyonayo, inatoa huduma kiasi gani, na je, inasonga mbele au inarudi nyuma. Vijana wapya aliwafundisha kwa mfano wa mtoto anayepimwa urefu mlangoni. Humsimamishi na mtoto wa jirani tu. Unamsimamisha pia penye alama yake ya mwaka jana. Na kabla hujampigia makofi, mwangalie miguuni, asije akawa amevaa viatu vya mama yake.

Viatu vya namna hiyo ndivyo vilivyompatia jina. Kwa miaka kadhaa benki moja kubwa iliongoza orodha yetu. Ilikuwa imepunguza makarani na kufunga nusu ya madirisha, hivyo hesabu zake zikapendeza sana. Benki moja ndogo ya akiba, yenye makarani wengi na wateja wa biashara ndogondogo, ilishika mkia kila mwaka. Pendekezo la kuifunga lilikwisha andikwa, likisubiri saini ya Mama Foleni. Makarani wale walikuwa roho mkononi, maana karibu wote wangemwaga unga. Naye mkurugenzi wa wakati huo alikuwa amemdokeza kwamba nafasi ya unaibu ni yake, mradi ripoti itoke mapema.

Siku hizo hizo alikwenda kwenye benki bingwa kumtumia mama yake fedha za matibabu. Aliingia asubuhi, akatoka mchana. Alikuja moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi, viatu mkononi, na hakumung'unya maneno. Alisema gharama za benki ile hazijapungua hata kidogo. Zimehamishiwa upande wa pili wa kaunta, na anayezilipa ni mteja kwa miguu yake. Saini hakutia.

Mkurugenzi alidai ushahidi. Basi kitengo kizima tukatawanywa mabenkini na saa, tukawa kiguu na njia, kila mmoja akipanga foleni kama mteja wa kawaida. Majibu ya kwanza yalitushangaza: benki ndogo ya akiba ndiyo iliyokuwa na foleni ndefu kuliko zote. Mama Foleni aliyatazama, kisha akamwita mwenzetu aliyepelekwa huko, mtu mstaarabu kupita kiasi. Ikabainika kwamba bwana yule alimpisha kila mzee, kila mjamzito na kila mama mwenye mtoto mgongoni, na baadaye akampisha hata kijana mmoja aliyesema tu ana haraka. Benki nzima ilikuwa imehudumiwa, amebaki yeye na adabu zake. Ilibidi turudie kazi yote, na safari hii yeye alibaki ofisini kulinda simu.

Tulipoingiza muda wa mteja kwenye hesabu, benki kubwa ilishuka hadi katikati ya orodha na ile ndogo ikaachana na mkia. Pendekezo la kuifunga likawekwa kando. Kila mwaka tulirudi na saa zetu, na kila mwaka ile ndogo ilipanda kidogo kwa jasho lake, hadi ikafungua tawi la pili. Ile kubwa nayo ilifungua tena madirisha yake, ingawa kwa kununa.

Unaibu alipewa mwingine. Mimi iliniuma, na sioni haya kusema bado inaniuma. Yeye alitutania kwamba ofisi ya naibu haina hewa, lakini mchana ule chakula chake alikirudisha nyumbani kama alivyokuja nacho.

Shemeji yetu, mumewe, ambaye ndiye mpishi wa nyumba ile, ametuomba kwa siri tumtafutie mkewe hata kibarua cha siku mbili kwa wiki. Anasema likizo iliyopita jiko lake lilikaguliwa, na aliambiwa kwamba kati ya kabati na sinia anapoteza hatua nyingi mno.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini hafla inaanza jioni, wakati wastaafu wote tumewaaga asubuhi. Makarani wa ile benki ya akiba waliomba kuja kumuaga, wakasema wako tayari kufunga madirisha kwa saa moja. Mama Foleni aliwakatalia katakata: wakija wao, wateja wataachiwa nani? Basi tutawasubiri sisi. Wakishamhudumia mteja wa mwisho watakuja, wote, na viti vya mbele ni vyao.

Asante, dada yetu. Nenda kapumzike, uwe na afya njema na siku nyingi za furaha, na popote utakapokwenda ukute dirisha liko wazi.